Sura ya Sita: Mhojiwa Anapokuwa Msomaji

Katika mtaa wa Kawale, upande wa mji wa zamani wa Lilongwe, kuna kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala ambamo, alasiri moja ya msimu wa mvua, nilimkuta mtu mzima mmoja, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kando ya Ziwa Tanganyika kabla vita havijamtoa kwao, ameinamia simu yenye ufa katikati ya kioo, akiuvuta ukurasa kwa kidole kushoto na kulia, juu na chini, kwa sababu makala aliyokuwa akiisoma ilikuwa imepangwa kwa safu mbili zilizokusudiwa karatasi pana, wala si kioo kisichozidi kiganja.

"Jambo, Mwalimu," nilimwambia.

"Jambo, mwanangu. Sogea hapa," akanijibu bila kuinua macho, "unisomee huyu Mshiriki wa 14 anasema nini, maana nadhani ni mimi."

Na kweli alikuwa ni yeye. Miaka michache nyuma mtafiti mmoja alifika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akifuatana na mkalimani, akaketi juu ya kigoda mbele ya nyumba ya Mwalimu, akamsomea karatasi ya idhini, akamwomba aitie sahihi, akawasha kinasa sauti, na baada ya saa moja na nusu ya maswali na majibu akashukuru kwa adabu na kwenda zake. Mwalimu alikuwa amekwisha kuyasahau hayo, hata kijana wa jirani yake, anayesoma kwa njia ya mtandao, alipokuwa akitafuta marejeo ya kazi yake ya darasani, akaikuta makala yenye jina la Dzaleka katika anwani yake, akamtumia. Hapo ndipo mtu aliyehojiwa alipokutana uso kwa uso na maneno yake mwenyewe, yamevaa Kiingereza, yamefungwa katika alama za kunukuu, na chini yake pameandikwa namba, jinsia, umri na nchi.

Makala ile ilikuwa njema kwa sehemu kubwa, na Mwalimu mwenyewe alikiri hivyo. Lakini palikuwa na neno moja. Alipoulizwa juu ya maisha ya kambini, yeye alisema kwa Kiswahili cha kwao, "Tumezoea." Mkalimani alilipitisha neno hilo, mtafiti akalipokea, wahakiki wakalisoma, mhariri akaliridhia, na lilipotoka upande wa pili lilikuwa limegeuka kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya kutulia na kuridhika.

"Mimi nilisema tumezoea," alisema Mwalimu, akiigusa simu kwa ukucha. "Kuzoea na kuridhika ni njia mbili. Mtu huzoea hata kidonda."

Nimeanza sura hii kwa kisa hicho kidogo kwa makusudi, kwa kuwa nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya jinsi kompyuta na intaneti zilivyoibadili kazi ya uandishi wa kitaaluma, na aghalabu habari hiyo husimuliwa kwa upande wa mwandishi, na wa jarida, na wa maktaba. Husemwa kwamba sasa makala hutoka upesi, hupatikana kwa wepesi, hutafutwa kwa neno moja na kuonekana kwa nukta moja. Hayo yote ni kweli. Walakini badiliko lililo kubwa kuliko hayo, kwa itikadi yangu, ni hili lililotokea katika kibanda cha Kawale, nalo ni kwamba yule aliyekuwa akiulizwa tu, akaandikwa tu, akahesabiwa tu, sasa anaweza kuyasoma yaliyoandikwa juu yake, na akiisha kuyasoma, anaweza kusema: hapa mmekosea.

Ili msomaji apate kuutambua uzito wa jambo hili, hana budi kukumbuka ilivyokuwa zamani. Jarida la kwanza la elimu lilitolewa Paris mwezi wa Januari mwaka 1665, na la pili likatolewa London miezi miwili baadaye, na kwa muda wa zaidi ya karne tatu tangu siku hizo maarifa yalisafiri kwa karatasi, katika mifuko ya posta na matumbo ya merikebu, kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mtaalamu mwenziwe. Nchi hii ya Malawi ilipokuwa ikiitwa Nyasaland ilianzishiwa jarida lake mwaka 1948, The Nyasaland Journal, ambalo baada ya uhuru lilichukua jina la Society of Malawi; ndani yake mna habari za makabila, na mito, na vita, na wavuvi wa ziwa, zilizokusanywa vijijini kwa wazee wengi ambao hawakupata kuziona kurasa hizo hata siku moja. Sisemi kwamba waliokusanya walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba karatasi haikuwa na njia ya kurudi.

Njia ya kurudi ilianza kuchimbwa pasipo mtu kuikusudia. Mwaka 1991, huko Los Alamos nchini Marekani, mwanafizikia Paul Ginsparg aliweka kompyuta moja ipokee makala za wanafizikia kabla hazijapigwa chapa, kila mwenye haja azisome bure. Hiyo ndiyo hazina iitwayo arXiv, iliyohamia baadaye Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1998 ikaanza hazina ya majarida ya Afrika, African Journals Online, iliyolelewa kwanza Uingereza na kisha ikahamishiwa Afrika Kusini, kwa ajili ya kuyatoa gizani majarida yaliyokuwa yakipigwa chapa nakala chache na kuishia katika rafu za chuo kimoja. Mwaka 2002 wanazuoni waliotia sahihi azimio la Budapest walidai kwamba matunda ya utafiti yasomwe na watu wote pasipo malipo, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likafungua mpango wa HINARI, ambao kwa huo taasisi za nchi maskini, na Malawi ni mojawapo, husoma majarida ya tiba ambayo kwingineko hulipiwa fedha nyingi. Lakini angalia neno nililolitumia: taasisi. Ufunguo wa HINARI hupewa chuo, hospitali, wizara. Hapewi mtu aliyeketi peke yake kibarazani, hata akiwa na kiu ya elimu namna gani.

Sasa tuitazame Dzaleka yenyewe. Iko katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, na kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 ilikuwa gereza la kuogofya la wakati wa Rais Kamuzu Banda; wenyeji husema kwamba hata jina lake ni kilio cha mfungwa aapaye kwamba hatarudia tena. Iliandaliwa kwa watu 10,000 au 12,000, na leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine Burundi, Rwanda, Ethiopia na Somalia, ambao wakikutana sokoni au kisimani, lugha inayowapatanisha aghalabu ni Kiswahili. Baadhi yao walikuwa wamefungua maduka hapa Lilongwe, Kawale ikiwemo, hata mwaka 2023 Serikali ilipowaamuru warejee kambini. Na tangu hapo mtu hufika mjini kwa shughuli zake kisha huangalia jua, asichelewe.

Huko Dzaleka dunia ya kidijitali iliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa elimu: mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha huko Dzaleka, na pia Kakuma ya Kenya, mafunzo ya diploma yaliyofundishwa kwa intaneti na walimu walio ng'ambo, na diploma hiyo ikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, hata mkimbizi akaweza kujadiliana na mwalimu asiyepata kumwona, akaandika insha, akarudishiwa ikiwa na masahihisho pembeni. Mlango wa pili ulikuwa wa hesabu: mwishoni mwa mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilichagua Dzaleka iwe mahali pa kuujaribia mtambo wake mpya wa kuwatambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho, na wakimbizi zaidi ya 17,000 wakapita mbele ya mtambo huo. Nimeizingatia milango hii miwili mara nyingi. Kwa mmoja mtu alikuwa mwanafunzi mwenye jina na hoja, na kwa mwingine alikuwa kidole na jicho, naye ni mtu yule yule, na huenda alipita kwa yote miwili katika juma moja.

Hata hivyo, kabla ya intaneti walikuwako waliojiandika wenyewe, na kuna kitabu chao kimoja ambacho kila asemaye Kiswahili cha Kongo angefaa kukijua. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao siku hizi ndio Lubumbashi, watumishi wa nyumbani waliokuwa wakiwapikia na kuwafulia Wazungu walitunga tarehe ya mji wao kwa Kiswahili cha hapo, ikakusanywa na André Yav, ikapigwa chapa ya mashine ya taipureta na kugawanywa kwa nakala duni. Iliitwa kwa Kifaransa Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini si kamusi. Ni historia iliyoandikwa na waliozoea kusimama nyuma ya kiti. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na sherehe, katika kitabu ambacho bei yake haikuwa ya mfuko wa mtumishi, na mwaka 2001 matini yake ikawekwa katika mtandao, katika hazina iitwayo Archives of Popular Swahili, ambapo kila mtu huisoma bure hadi leo. Nilipomwonyesha Mwalimu, aliisoma bila kuvuta ukurasa, kwa kuwa imeandikwa kwa maandishi matupu yanayojipanga kwa upana wa simu yoyote, akacheka kwa furaha mahali pawili patatu alipokuta tamko la kwao ambalo wanasarufi wa pwani wangelitia wino mwekundu.

"Hawa hawakungoja kuulizwa," alisema.

Basi tukaanza kulizungumza lile lililokuwa limetujia sote wawili: na yeye aandike. Hakutaka kulalamika, alitaka kuandika makala fupi ya elimu juu ya neno kuzoea na maneno mengine matano au sita ambayo wakimbizi huyatumia wanapohojiwa, na ambayo hupotoka yanapovushwa. Mimi niliona, na ningali naona, kwamba hiyo ni kazi ya kitaaluma iliyo kamili. Nikamfungulia fomu ya jarida moja, na hapo nikajifunza kwa macho yangu kwamba mlango wa kusoma ukiwa umefunguliwa, mlango wa kuandika una bawabu wake.

Swali la kwanza la fomu lilikuwa jina, na la pili lilikuwa chuo au taasisi ya mwandishi, na pasipo kulijaza ukurasa haukusogea. Mwalimu hana chuo. Tukatafuta njia nyingine, tukamwandikisha ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ambayo tangu mwaka 2012 hupewa waandishi wa utafiti duniani kote bila malipo, ili kazi ya mmoja isichanganywe na ya mwingine mwenye jina lake; nayo haikuuliza uraia, wala hadhi, wala kibali, ila jina na barua pepe. Mwalimu aliinakili namba ile kwa kalamu nyuma ya bahasha anamohifadhi kadi yake ya posho, tarakimu nne nne, akatia vistari baina yake kama alivyoziona kwenye kioo.

Kisha likaja la fedha. Zamani msomaji ndiye aliyelipa. Siku hizi, katika majarida mengi yasomwayo bure, mwandishi ndiye hulipa, na jarida la Nature, lililo kileleni, lilipofungua mlango huo mwaka 2021 liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi kama Malawi, na huo ni uungwana unaostahili kutajwa, ila msamaha hufuata anwani ya taasisi, na asiye na taasisi hubaki akijieleza kwa barua. Huku nyuma wapo wachuuzi wa majarida ya ghushi, wanaomwandikia kila mtu barua za sifa tele, wakimwita profesa, wakiahidi kumchapisha kwa siku tatu kwa ada iliyo rahisi. Na ubaya huo haukukaa pembezoni tu, kwa maana nyumba ya uchapishaji ya Hindawi, iliyozaliwa Cairo mwaka 1997 na kununuliwa na Wiley ya Marekani mwaka 2021, ililazimika mwaka 2023 kuzibatilisha makala zaidi ya 8,000 baada ya kugundulika kwamba viwanda vya kutunga makala za kuuza vilikuwa vimepenya katika matoleo yake maalumu. Upesi ule ule uliomletea Mwalimu makala yake Kawale ndio uliowawezesha mafisadi hao kupitisha mizigo mibovu pasipo mtu kuifungua.

Likabaki la lugha, nalo ndilo lililonichoma zaidi. Mwalimu alisomeshwa kwa Kifaransa, hufikiri kwa Kiswahili na Kibembe, na Kiingereza amejifunza ukubwani. Yapo majarida yapokeayo Kiswahili: Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum ya wanazuoni wa Ujerumani inayosomwa bure mtandaoni, lakini alitaka asomwe na wale waliomwandika, na hao husoma Kiingereza. Kijana wa jirani akashauri akili mnemba. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ChatGPT ilipowekwa mbele ya watu, vijana wa Dzaleka kama vijana wa kila mahali huitumia kuzinyoosha sentensi zao, na mimi siwalaumu, kwa kuwa mtoto wa profesa huko London ana baba wa kumsomea rasimu yake, na huyu ana simu. Ila kuna dhuluma iliyojificha hapo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba zinazodaiwa kutambua maandishi ya mashine, wakazipa insha 91 zilizoandikwa na watu kwa mikono yao katika mtihani wa Kiingereza wa wageni, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zikahukumiwa kuwa kazi ya mashine. Kosa la walioziandika lilikuwa kuandika kwa maneno machache na ya kawaida, kama aandikavyo kila mtu aliyejifunza lugha ukubwani. Kwa hiyo mkimbizi akitumia mashine hushukiwa, na asipoitumia hushukiwa vile vile.

Hata hivyo Mwalimu mwenyewe aliikataa mashine kwa sababu nyingine, na sababu hiyo naiheshimu. Aliiomba impe marejeo juu ya Kiswahili cha Kivu, ikampa matano, yenye waandishi, miaka na kurasa, yamepangwa vizuri. Tukayatafuta moja baada ya moja, na matatu hayakuwako popote duniani. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno la kupima jambo kama hilo, nalo ni isnadi, yaani silsila ya wapokezi: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, na mmoja wao akiwa hajulikani basi habari yote huwekwa kando hata ikiwa tamu. Marejeo ya makala ya kisayansi ni isnadi ya zama zetu, na mtambo unaoweza kuitunga silsila nzima ya watu wasiopata kuzaliwa umegusa palipo mhimili wa elimu, kwa kuwa msomaji wa Kawale, asiye na maktaba ya kumhakikishia, hana kinga nyingine ila kukifuata kila kiungo hadi mwisho wake, kwa bando la kununua.

Makala ya Mwalimu ingali ikiandikwa. Kurasa nne zimekwisha, kwa Kiswahili, katika daftari la mistari, na nimezipiga chapa. Lakini siku ile ya mvua hakutaka kuondoka bila kufanya jambo. Nilimwonyesha kwamba chini ya anwani ya makala, kando ya jina la mtafiti, kuna alama ndogo ya bahasha, na ndani yake kuna barua pepe yake, kama ilivyo desturi ya majarida mengi siku hizi. Na kwamba makala iliyo mtandaoni, tofauti na iliyokwisha kupigwa chapa karatasini, huweza kuambatishiwa sahihisho ambalo kila aifunguaye ataliona. Akafikiri kidogo, akavuta kigoda, akanisomea barua kwa Kiswahili nami nikaitia Kiingereza chini yake, aya kwa aya. Alimshukuru mtafiti kwa safari yake. Alimwambia kwamba anakubali kila kitu alichoandika juu ya maji na shule. Kisha akamtajia ukurasa wa tisa, safu ya pili, mstari wa sita kutoka chini, akamwomba aliondoe neno lile, na mahali pake aliweke neno la Kiswahili lenyewe, tumezoea, kwa herufi za mlazo, na maana yake pembeni.

Bando langu likaisha kabla barua haijaenda. Mwenye kibanda, kijana wa Kimalawi ambaye alikuwa akitusikiliza muda wote huku akipanga karatasi, akatuunganisha kwenye simu yake, akakataa kwacha zetu. Mvua ilikuwa imepungua, na makondakta wa mabasi madogo ya kuelekea Dowa walikuwa wameanza kuita abiria.

"Chini niweke nini?" nilimwuliza. "Mshiriki wa 14?"

"Hapana, mwanangu," alisema Mwalimu. "Andika jina langu, majina yangu matatu," akanitajia, herufi moja baada ya nyingine, akisubiri niandike kila moja kabla ya kuitaja ifuatayo.